Je, Dereva Akikataa Kuvuka Mpaka Anaweza Kufutwa Kazi?

Swali: Mhariri, mimi ni dereva wa trela na ninaishi Salgaa, Kaunti ya Nakuru. Kampuni yetu hupeleka unga na mafuta ya kupikia Juba kupitia Malaba na Nimule. Posho ya safari haijaongezwa kwa miaka minne, na mwaka huu wenzetu wawili walipigwa risasi wakiwa barabarani. Mwezi uliopita tulielewana kwa simu, tukaegesha malori yote Malaba kwa siku tatu. Sasa meneja ametuandikia barua akidai kwamba tulitoroka kazi, na kwamba atatukata gharama za mzigo kuchelewa. Je, tulikosea wapi?
Dereva, Salgaa

Jibu: Ndugu Dereva, nianze na lile chungu. Haki ya kugoma mnayo, kwa kuwa Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki hiyo pamoja na malipo ya haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Hata hivyo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humlinda mgomaji aliyepitia mlango wake tu: mzozo uwe umeripotiwa kwa Waziri wa Leba, upatanishi uwe umejaribiwa kwa muda wa hadi siku 30 bila mafanikio, kisha chama cha wafanyakazi kiwe kimetoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Mgomo uliopangwa kwa simu usiku mmoja haujatimiza hata sharti moja kati ya hayo, na kwa hiyo mwajiri anaweza kuuchukulia kuwa ukiukaji wa mkataba na kuwachukulia hatua za nidhamu.

Hilo halimpi meneja ruhusa ya kufanya apendavyo. Kabla ya kumfuta mtu kwa kosa la nidhamu, ni lazima amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Kuhusu pesa, Sheria ya Ajira inamruhusu kukata mshahara wa siku ambazo mfanyakazi hakufika kazini bila ruhusa, na pia kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mzigo uliochelewa haukupotea wala haukuharibika. Siku tatu anaweza kuzidai. Gharama za kuchelewa mzikatae kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.

Jambo ambalo barua yako inalipitia haraka ndilo ninaloliona kuwa na uzito zaidi. Mmechanganya madai mawili ambayo sheria huyatazama kwa macho tofauti. Posho ni suala la majadiliano, nalo lina subira yake. Risasi hazina subira. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa iliyo karibu ambayo ana sababu za msingi za kuiamini, na inamzuia mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla hajachukua hatua ya kuirekebisha. Kila dereva angemwandikia msimamizi wake ujumbe, akataja sehemu ya barabara, tarehe ya shambulio na ulinzi anaoutaka, mngekuwa na msimamo ambao meneja asingeweza kuuita utoro kwa urahisi. Mlipotaja posho na risasi kwa pumzi moja, mlimpa nafasi ya kusema kwamba hofu yenu ilikuwa ya kutafutia nyongeza.

Kumbuka yaliyotokea Aprili 2021, wakati madereva wa Kenya na Uganda waliposimamisha malori Elegu, mkabala na Nimule, baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Sauti yao ilisikika kwa sababu dai la ulinzi lilikuwa mbele na lilieleweka na kila mtu. Kuanzia Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Lami hiyo husaidia gari kukimbia, lakini haimzuii mtu mwenye bunduki aliyejificha vichakani.

Kwa hiyo jiungeni na chama cha madereva. Mkifikia wengi wa wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri analazimika kukitambua chama na kujadiliana nacho. Nanyi mkifutwa kabla ya hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Nakuru.

Swali: Mume wangu ni dereva. Lori lake lilipinduka ng'ambo ya Nimule, akavunjika mguu. Mwajiri, ambaye yuko Eldoret, anasema kwamba sheria ya Kenya haifiki huko.
Mama wa watoto watatu, Webuye

Jibu: Pole sana, Mama. Mwajiri wenu amekosea. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 humfuata mfanyakazi wa kampuni ambayo shughuli zake kuu ziko Kenya, hata akiumia akiwa amevuka mpaka kwa muda tu. Mwarifuni mwajiri kwa maandishi hata kama tayari anajua, kisha mripoti katika ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti. Msikawie, kwa kuwa dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Karatasi za hospitali ya kule zihifadhiwe, pamoja na hati ya safari inayoonyesha kwamba alitumwa.

Swali: Mimi ni utingo. Bosi anataka dereva wangu atoke Mombasa hadi Kisumu bila kulala. Je, inaruhusiwa?
Utingo, Kisumu

Jibu: Hairuhusiwi. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na safari hiyo kwa lori lililojaa haiwezi kuisha ndani ya saa hizo. Andika saa mlizoondoka na mlizosimama katika daftari lako mwenyewe, kwa maana ajali ikitokea kwenye mteremko wa Salgaa, bosi atasema kwamba hakumwagiza mtu yeyote kukesha.