Fundi wa sare anauliza: nilipe 15,000 nifunguliwe blogu?

Swali: "Habari ya kazi. Mimi nashona sare za shule huku Umoja. Wateja na mafundi wenzangu wananiuliza maswali yale yale kwa WhatsApp kila siku mpaka nimechoka kuandika, nikaona heri nifungue blogu. Kuna kijana ameniambia nimpe 15,000 anitengenezee kila kitu. Sina laptopu, niko na simu tu. Nimpe? Na nitumie Blogger ama WordPress? Na pesa inaingiaje?"

Jibu:

Dada, nzuri, asante kwa swali. Pesa usitoe kwanza. Sisemi huyo kijana ni mwizi, kazi ya kutengeneza tovuti ni kazi na inalipwa, lakini kitu unachotaka saa hii unaweza kukianza leo jioni kwa hiyo simu bila kulipa hata shilingi.

Kuna vitu viwili watu huchanganya, jina na mahali maandishi yanakaa. Jina, yaani domeni, ni kama namba yako ya simu. Mahali yanakaa ni kama simu yenyewe. Simu ikiharibika unanunua nyingine, unaweka laini yako na wateja wanaendelea kukupata kwa namba ile ile, lakini kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine na mkakosana, ama akahama, unajua vile huwa. Mimi yalinipata. Blogu yangu ya kwanza jina lilinunuliwa na jamaa aliyekuwa ananisaidia, akatumia imeili yake, sikuona shida. Ujumbe wa kulipia mwaka uliofuata ukawa unaenda kwake na yeye hiyo imeili alishaacha kuifungua, jina likaisha muda, likachukuliwa na watu wengine, na kila linki niliyokuwa nimetumia watu miaka mitatu ikawa inafungua matangazo ya watu nisiowajua. Iliniuma sana na mpaka leo mtu akiniuliza habari ya blogu naanzia hapo.

Kwa hivyo hata siku utakayomlipa fundi, muulize jina litasajiliwa kwa jina la nani na imeili ya nani, paswadi zote nitapewa mimi, na mwaka ujao nitalipa ngapi. Akijibu vizuri hayo matatu, ni mtu wa kufanya kazi naye.

Sasa Blogger ama WordPress. Blogger ilianza 1999, Google wakainunua 2003, ni ya bure na inataka Gmail tu, unapata anwani inayoishia na blogspot.com. WordPress imeanza 2003, na hapo watu hupotea kwa sababu ziko mbili. Ya WordPress.org ni programu ya bure lakini lazima ulipie hosti, yaani mahali pa kuiweka kwenye mtandao, uwe unaisasisha na kuilinda mwenyewe. Ya WordPress.com wanakuwekea wao, ya bure ipo, lakini ukitaka kutumia domeni yako unaingia mpango wa kulipia. Kwako naona uanze na Blogger, kwa sababu ukishapata jina lako unaliunganisha bila Google kukuchaji, unalipia jina peke yake. Haipendezi macho kama WordPress, hilo nakubali, lakini mtu anayetaka kujua akate kitambaa vipi hana shida na urembo wa ukurasa.

Jina usinunue leo. Andika posti kumi kwanza uone kama utaendelea. Ukifika hapo tafuta la .co.ke, majina yote ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya Kenya, lakini unanunua kwa mawakala wao, ni kama elfu moja hivi kwa mwaka, wengine juu wengine chini, na usiangalie bei ya mwaka wa kwanza tu, angalia ya kurudia ndio huficha. Kuliunganisha, Blogger itakuonyesha rekodi mbili za CNAME, yaani mistari ya kuelekeza jina lako kwa blogu, moja ni ya www inayoelekea ghs.google.com na ya pili ni ya kwako ya kuthibitisha jina ni lako. Unazikopi vile vile zilivyo kwenye akaunti ya wakala, unasubiri masaa kadhaa, halafu unawasha HTTPS, ile ya kulinda mawasiliano ya msomaji na blogu, kwa mipangilio. Ukishindwa hapo mwite huyo kijana akufanyie hiyo peke yake, haiwezi kuwa 15,000.

Cha kuandika uko nacho tayari na ndio maana swali lako limenifurahisha, wengi huja na jina na rangi na logo lakini hawana la kusema. Rudi kwa WhatsApp yako, tafuta swali ulilojibu mara nyingi zaidi. Tuseme ni sketi ya marinda inachukua yadi ngapi. Usifungue na "karibuni kwenye blogu yangu", hakuna mtu anatafuta hiyo. Kichwa kiwe lile swali vile wanavyoliuliza, na mstari wa kwanza uwe jibu: marinda yaliyojaa yanakula mara tatu ya kipimo, kwa hivyo inchi 24 inataka inchi 72, yaani yadi mbili, ongeza ya mishono. Halafu ndio ueleze unavyokunja, unavyoacha pindo la inchi tatu ili mtoto akirefuka mama aje ufungue tu. Mtu wa Kisumu akiandika hilo swali kwa Google, hapo ndio anakukuta.

Picha piga kwa simu lakini usizipandishe zikiwa hivyo, picha moja ya simu inaweza kuwa MB 4, weka kumi na msomaji wa bando ndogo ameshamaliza data yake kabla hajaona sindano. Punguza upana uwe kama pikseli 1200, ikishuka chini ya KB 200 iko sawa. Na tafadhali, sare ipige ikiwa kwa hanga. Ukitaka kumweka mtoto mwenyewe pata ruhusa ya mzazi kwanza, sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka hivyo, na hata kama haingetaka, huyo ni mtoto wa mtu na beji inaonyesha shule yake.

Blogu yote inakaa ndani ya hiyo Gmail, kwa hivyo washa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuthibitisha tena baada ya paswadi, na zile namba za siri za akiba (backup codes) watakazokupa ziandike nyuma ya daftari lako la vipimo, kwa sababu simu inaweza kunyakuliwa tao dakika moja na ukabaki nje ya kazi yako mwenyewe. Kila mwezi pakua bakapu kwa mipangilio. Ile faili inabeba maandishi, picha haibebi, hizo ziweke kwingine. Siku ukitaka kuhamia WordPress inasomeka huko.

Pesa. Matangazo ya AdSense, yale ya Google yanayowekwa kwa blogu, yanalipa ukifikisha dola 100, na kwa blogu changa hapo panachukua muda mrefu sana, nakwambia ukweli usije ukavunjika moyo. Wewe pesa yako iko kwa oda. Kila posti imalizie na linki ya WhatsApp, wa.me/254 halafu namba yako ukiacha ile sifuri ya mbele, anayesoma anabonyeza anaongea na wewe. Ila weka laini ya biashara, si ya nyumbani.