Maswali na Majibu: Mchapaji, Mchapishaji na Wakala

Kila kongamano la waandishi linapokaribia, maswali huja kwa mkupuo. Safari hii nimechagua haya. Waliouliza "nifanyeje nichapishwe" bila kusema wameandika nini nimewaweka kando, na nitaendelea kuwaweka kando.

Shikamoo. Nimesikia wachapishaji watakuwapo kongamanoni. Nikimpata mmoja nianzie wapi? Huwa natetemeka. (Makorora, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kutetemeka hakumuudhi mtu. Kinachoudhi ni kuanzia utotoni: "Mimi nilianza kupenda kuandika nikiwa darasa la tatu..." Mchapishaji aliyesimama na kikombe cha chai mkononi ana dakika mbili za kukupa, na moja umeshaimaliza kwa darasa la tatu.

Anataka kusikia utanzu, msomaji wako ni nani, mswada una maneno mangapi na umekwisha au bado, kisha mgogoro wenyewe. Kwa mfano:

"Nina riwaya ya vijana wa sekondari, maneno elfu thelathini na tano, imekwisha. Binti wa mvuvi wa Tongoni anagundua kwamba mashua ya baba yake inapitisha magendo usiku, na mwenye magendo ndiye anayemlipia yeye ada. Akisema, baba anafungwa na shule inakwisha. Akinyamaza, kaka yake mdogo ndiye anayefuata kupandishwa mashuani."

Hiyo ni nusu dakika. Ukishasema, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona kimya, wanakijaza kwa sura ya pili, ya tatu, na shangazi wa binti ambaye hana kazi yoyote kwenye kisa. Mwache aulize. Akikuuliza mwisho ukoje, mwambie mwisho. Hajaja kutazama sinema. Anapima kama unajua kufunga hadithi.

Usiseme "hakuna kitabu kama hiki". Anachosikia yeye ni kwamba hujasoma vingine. Taja viwili vitatu vya miaka ya karibuni vinavyoweza kukaa rafu moja na chako, na ikiwezekana kimoja kiwe alichokitoa yeye. Kwa hiyo orodha ya vitabu vyake uwe umeipitia kabla hujafika ukumbini. Mtu anayetoa vitabu vya watoto pekee ukimpelekea diwani ya tenzi, atakusikiliza kwa adabu, basi. Na tafadhali, usijilinganishe na Shaaban Robert. Nusu ya watu wa Tanga wanaoshika kalamu hujilinganisha naye, na wachapishaji wamechoka.

Je, kwenye kipindi cha maswali naweza kuinua mkono nikaeleza kitabu changu ili wote wanisikie? (Lushoto)

Hapana. Watakusikia, na watakukumbuka kwa hilo.

Niliongea na mchapishaji, akasema mswada wangu ni mzuri sana, nilipe milioni mbili na nusu nipewe nakala 300. Ni utaratibu wa kawaida? (Chumbageni, Tanga)

Uliongea na mchapaji, ndugu yangu. Mchapaji ana mashine, anauza karatasi na wino, na kwake kila mswada ni mzuri sana. Mchapishaji ni yule anayeweka fedha yake: anamlipa mhariri, mchora jalada, kiwanda cha chapa, anatafuta soko, kisha anakupa wewe sehemu ya mauzo. Swali la kujiuliza mbele ya yeyote anayejiita mchapishaji ni hili: nani anamlipa nani? Fedha ikitoka mfukoni mwako, wewe ndiye mchapishaji, na yeye ni fundi uliyemkodi. Ufundi ni kazi ya halali, ila asijiite jina lisilo lake.

Sasa piga hesabu. Milioni mbili na nusu kwa nakala 300 ni kama shilingi 8,333 kila nakala. Tuseme unakiuza shilingi 10,000. Duka la vitabu halikubebei bure. Likichukua asilimia 35, unabaki na 6,500. Umeshapoteza 1,833 kwa kila nakala kabla ya nauli ya kuzipeleka. Zikiisha zote dukani, umekusanya 1,950,000, yaani hasara ya laki tano na nusu kwa kitabu kilichouzika chote! Njia pekee ya kuona faida ni kuziuza mkononi mwako kwa bei kamili, na hapo faida ni laki tano, ukizimaliza. Wengi hawazimalizi. Maboksi hukaa chini ya kitanda, na unyevu wa pwani hii mnaujua: mwaka wa pili kurasa zimejikunja na jalada limeota madoa.

Sisemi kujichapishia ni aibu. Shaaban Robert mwenyewe alifungua kampuni yake ya kuchapisha hapahapa Tanga. Lakini ukiamua hivyo, amua ukijua, na fanya kazi ya mchapishaji: lipa mhariri kwanza, pata bei za viwanda vitatu tofauti, dai nakala moja ya majaribio uisome yote kabla ya kuruhusu zilizobaki, na anza na nakala 100. Bei ya nakala moja moja itakuwa juu zaidi, ila hutalala juu ya maboksi.

Napataje wakala wa fasihi hapa nchini? (Bagamoyo)

Mawakala utakaowaona kila kona ni wa kuweka na kutoa pesa. Wa fasihi, yaani anayemtafutia mwandishi mchapishaji na kumjadilia mkataba, kwa mwandishi wa Kiswahili anayechapisha hapa nyumbani hahitajiki: wachapishaji wetu wanapokea miswada moja kwa moja kutoka kwa mwandishi. Mgao wa mwandishi, tuseme asilimia kumi ya mauzo ya nakala elfu mbili, hautoshi kulisha watu wawili, ndiyo maana kazi hiyo haijaota mizizi kwetu.

Ukiandika kwa Kiingereza na unalenga London au New York, hadithi ni nyingine. Huko nyumba kubwa nyingi za uchapishaji hazisomi mswada usioletwa na wakala. Wakala anachukua asilimia 15 ya mapato yako ya soko la nyumbani, na kwa kawaida 20 kwa mauzo ya nchi za nje na tafsiri. Analipwa wewe ukilipwa. Anayekuomba ada ya kusoma mswada, ada ya usajili, au anayekupeleka kwa "mhariri wake" wa kulipia, mkimbie. Usichanganye hilo na makongamano ya Marekani yanayouza nafasi za dakika kumi za kuzungumza na wakala: pale unamlipa mwandaaji kwa kiti, na kiti si ahadi.

Dakika kumi hizo, tumia mbili kueleza kitabu na nane kujibu. Riwaya lazima iwe imekwisha; ya watu wazima huwa kati ya maneno 80,000 na 100,000. Ukimwambia umeandika sura tatu, atakutakia heri. Kitabu kisichokuwa cha kubuni kinaweza kuuzwa kwa andiko la pendekezo na sura moja au mbili za mfano. Na ukiwa na nafasi hiyo kwa njia ya video kutoka Bagamoyo, hakikisha umebadilisha saa ipasavyo. Saa nne ya asubuhi ya New York kwako ni jioni, saa kumi na moja au saa kumi na mbili kutegemea majira yao.

Wakiniibia wazo langu nikishaliongea? (Muheza)

Swali hili mnaniletea kila mara. Wazo halilindwi na hakimiliki, hapa wala kwingineko. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki yako inaanza pale ulipoandika, na inadumu maisha yako pamoja na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi, hakukupi haki ambayo tayari unayo. Ile habari ya kujitumia mswada kwa posta kwenye bahasha iliyofungwa, eti muhuri wa posta uwe ushahidi, iacheni.

Hatari ya mwandishi mchanga si kuibiwa. Ni kutosomwa. Ukimwambia mchapishaji asaini karatasi ya kutunza siri kwanza, ataweka kikombe chini na kwenda kusalimia mtu mwingine.

Nibebe mswada mzima uliochapwa? (Pangani)

Hapana. Hakuna atakayepanda basi na kurasa 300 zako. Beba karatasi moja: jina, simu, barua pepe, kichwa cha kazi, idadi ya maneno, na aya mbili za muhtasari. Uwe na sura tatu za kwanza kwenye simu, faili la Word, tayari kutumwa ukiombwa.

Nije na mswada kwenye tamasha la Bagamoyo? (Kiwangwa)

Njoo ufurahi. Tamasha lile la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ni la jukwaa, ngoma na muziki. Kama una tamthilia, hapo una watu wa kuzungumza nao: waigizaji na walimu wa sanaa za maonyesho, ambao watakuambia haraka kuliko mhariri yeyote kama mazungumzo yako yanatamkika. Mchapishaji mtafute kwenye maonyesho ya vitabu, na si saa ya ufunguzi mgeni rasmi anapopita. Nenda alasiri ya siku ya mwisho, banda likiwa kimya.

Alisema "nitumie". Nikatuma. Miezi minne kimya. (Ngamiani, Tanga)

Ulituma nini, na vipi? Umeniambatanishia ulichotuma, nami nimeona: picha 46 za daftari, kwa WhatsApp, usiku wa saa sita, bila jina. Huko si kutuma.

Tuma ndani ya wiki moja, akiwa bado anakumbuka sura yako. Kichwa cha barua pepe kiseme kazi yenyewe: "Mswada ulioomba kongamanoni: riwaya ya vijana". Mstari wa kwanza umkumbushe mlikutana wapi na mliongea nini. Ambatanisha alichoomba na si zaidi. Akisema sura tatu, zisiwe tano. Herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, jina lako kwenye kila ukurasa. Muhtasari ukurasa mmoja, pamoja na mwisho. Jina la faili liwe la kitabu na lako; wahariri wana mafaili mia yanayoitwa "RIWAYA MPYA FINAL 2".

Subiri miezi mitatu. Kumbusha mara moja, mistari miwili, bila kulaumu. Ukikaa mwezi mwingine kimya, peleka kwingine. Kupeleka kwa wachapishaji wawili kwa pamoja si dhambi, mradi uwaambie wote wawili. Na akikuandikia kukataa kwa sababu, hata sababu moja, mjibu "asante". Amekupa muda ambao wengine hawakupewa.

Mchapishaji mmoja anasema tuzungumzie mswada wangu jioni hotelini kwake, chumbani, maana ukumbini kuna kelele. (Amesema nisimtaje alipo)

Usiende, dada. Mswada unajadiliwa mezani, mchana, watu wakiwaona, au kwa barua pepe. Mwambie mwandaaji wa kongamano leo leo. Mchapishaji wa kweli hana shida ya kukaa mgahawani.

Nimepewa mkataba papo hapo kongamanoni, asilimia 10. Nisaini? (Raskazone, Tanga)

Usisaini chochote ukumbini. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, mtafute wakili aisome. Anayesema ofa inakwisha leo anauza magodoro.

Halafu uliza: asilimia 10 ya nini? Kitabu cha shilingi 10,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,000. Lakini mikataba mingi huandika "mapato halisi", yaani baada ya punguzo la duka. Punguzo likiwa 35, asilimia 10 ya 6,500 ni 650. Kwa nakala 2,000 tofauti ni laki saba. Maneno mawili tu.

Tazama pia kifungu cha haki. Kikisema "haki zote, kwa lugha zote, kwa namna zote", umetoa tafsiri, filamu, kitabu cha kusikiliza na cha kidijitali kwa bei ya kitabu cha karatasi. Mpe haki ya kuchapa kwa Kiswahili, nyingine zitajwe moja moja na kila moja iwe na mgao wake. Haki ya tafsiri huchelewa kuzaa: riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilipata Kiswahili chake, *Peponi*, mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021. Miaka 28. Hujui chako kitaitwa lini, wala na nani.

Dai na mambo matatu yaandikwe: taarifa ya mauzo angalau mara moja kwa mwaka, tarehe ya mwisho ya kitabu kutoka, na kwamba kikiisha sokoni naye asipokichapa tena ndani ya miezi 12 tangu umwandikie, haki zinarudi kwako. Bila hicho cha mwisho kitabu kinaweza kukaa kifungoni, hakiuzwi na huwezi kukipeleka kwingine.

Nina ISBN tayari. Nikimwambia mchapishaji si atavutiwa zaidi? (Bagamoyo)

Hapana. Ni tarakimu 13 za kutambulisha toleo fulani, na akikichukua ataweka yake.