Fungunyota Kubwa Lisiloenea Ndani ya Darubini

SWALI: Ndugu Mhariri, nina darubini ya kioo cha milimita 200 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 1,200. Niliielekeza kwenye fungunyota (kundi la nyota zilizo pamoja) M44 katika kundinyota la Kaa, ambalo kwa macho matupu huonekana kama kiwingu hafifu, nikaambulia nyota chache zilizotawanyika. Je, darubini ina kasoro?

JIBU: Haina kasoro, na yamkini uliielekeza pale pale panapostahili. M44 limeenea angani kwa takriban nyuzi moja na nusu, yaani upana wa Mwezi mpevu mara tatu. Ikiwa ulitumia lenzi ya jicho (ile unayochungulia) yenye urefu wa fokasi wa milimita 10, darubini yako ilikuza mara 120, yaani 1,200 kugawa kwa 10. Na kwa kuwa lenzi nyingi za kawaida zina uwanja (upana wa duara unaloliona ukichungulia) wa nyuzi 50 hivi, ukigawa 50 kwa 120 utaona kwamba kipande cha anga kilichokuwa mbele yako hakikufika hata nusu nyuzi. Ulikuwa katikati ya fungunyota, ukiona sehemu yake ndogo tu.

Jicho hulitambua fungunyota lililotawanyika kwa kulinganisha msongamano wa nyota zake na anga tupu inayolizunguka, kwa hiyo ukingo ukikatwa, nyota zilizobaki hazitofautiani na nyota nyingine zozote. Ndiyo maana nasisitiza ukuzaji mdogo, ingawa wengi huamini kwamba kukuza zaidi ni kuona zaidi. Lenzi ya milimita 32 itakupa kipande cha anga cha nyuzi 1.3 hivi, ambacho bado hakilitoshi M44. Darubini ndogo yenye urefu wa fokasi wa milimita 400 ingekupa nyuzi 4 kwa lenzi hiyo hiyo, na hapo ndogo inaishinda kubwa kabisa. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 10 inafaa pia, na hata kile kidarubini cha kutafutia kilichofungwa ubavuni mwa darubini yako kisidharauliwe.

Galileo, aliyetangaza mwaka 1610 kwamba ameona humo nyota zaidi ya 40, alitumia darubini ambayo uwanja wake haukutosha hata kuuona Mwezi mzima kwa mara moja, hivyo alilazimika kulipitia fungunyota kipande kwa kipande. Nawe unaweza kufanya hivyo, mradi uwe umekwisha kuliona zima. Rudisha lenzi ya milimita 10, usogeze darubini polepole, utafute nyota zilizokaa wawiliwawili pamoja na zile chache zenye rangi ya chungwa, ambazo ni nyota jitu (kubwa mno) zilizozeeka kabla ya wenzake.

Jioni za Machi na Aprili ndizo zinazofaa zaidi. Angalia kalenda kwanza, kwa sababu Kaa iko kwenye njia ya Mwezi, na Mwezi ukiwa karibu, mwanga wake hufifiza nyota hafifu za M44 zisionekane.