Muulize Yaya: Mazembe inacheza, Guangzhou ni usiku

Yaya, jambo sana. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, sasa niko Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, namsaidia mjomba kununua na kusafirisha vigae na vipuri vya pikipiki. Nyumbani tumegawanyika: Papa alifanya kazi kwenye reli, kwa hiyo ni mtu wa Lupopo, mimi ni Mazembe. Siku ya derby ya timu hizo mbili za Lubumbashi tulikuwa tunaondoka pamoja na kurudi pamoja, hata kama njiani hatusemeshani. Huku wenzangu wanaamka saa tisa au saa kumi za usiku kuangalia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na mimi naamka nao, kisha mchana nasinzia mbele ya wateja. Mjomba ameshanionya. Linaloniuma zaidi, matokeo ya Mazembe nayapata siku mbili baadaye. Naona kama mpira wa nyumbani umeniacha. Nifanyeje?
*K., Guangzhou*

Mdogo wangu K., hebu tuchukue saa kwanza, kwa sababu jibu lako kubwa limo humo.

Kati ya Lubumbashi na Guangzhou ni saa sita. Mechi ikianza Kamalondo saa tisa na nusu alasiri, kwako ni saa tatu na nusu usiku. Umefunga duka, umekula, umeoga, na kabla ya usiku kuwa mwingi mechi imekwisha nawe uko kitandani. Sasa linganisha na mechi ya Paris au Madrid inayoanza saa tatu usiku kwao: kwako ni saa tisa usiku wakati wa majira yao ya joto, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa saa kumi, kwa maana Ulaya hurudisha saa nyuma na China haigusi saa zake. Unaona? Ligi inayokuharibia kazi si ile uliyozaliwa nayo. Ya kwetu inachezwa kwa saa nzuri kabisa kwa mtu aliye China, nawe ndiyo unayoikosa.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na nalisema nikiwa nimeishi huko miaka mingi nikinunua vitenge: acha mechi za Ulaya za katikati ya wiki. Ziache kabisa, usiniambie nusu fainali wala nini. Fainali yenyewe iangalie, maana ni Jumamosi, na tangu 2026 imerudishwa nyuma hadi saa kumi na mbili jioni ya Ulaya, yaani saa sita usiku kwako. Usingizi unaoupata katikati ya wiki uweke akiba kwa ajili ya Léopards, timu yetu ya taifa.

Kwa Léopards sina ushauri wa kukuzuia. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Côte d'Ivoire, tulipocheza na Misri, Guangzhou ilikuwa saa kumi alfajiri. Sare ya bao moja kwa moja, penalti zikaenda hadi 8 kwa 7, na kipa wetu Lionel Mpasi ndiye aliyepiga ile ya ushindi. Mtu aliyelala siku ile atasimuliwa maisha yake yote. Kisha nusu fainali ya Februari 7 na wenyeji, ambayo tulifungwa 1-0: wachezaji wetu waliposimama kwa wimbo wa taifa walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bunduki, ili dunia ione yanayowapata ndugu zetu wa mashariki. Mimi nilikuwa hapa Lubumbashi, kwenye nganda, yaani baa, na watu wazima walilia kabla mpira haujapigwa. Mechi kama hiyo huiangalii kwa marudio. Mwambie mjomba wiki moja kabla, lala saa mbili usiku, weka kengele, na siku inayofuata fungua duka wewe kabla yake. Ukiomba mapema na ukalipa kwa kazi, mjomba wa Katanga hawezi kukukatalia Léopards.

Sasa habari ya kuangalia peke yako. Desemba 2010, Mazembe ilipokuwa Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la Klabu, nilikuwa Guangzhou. Tuliwafunga Pachuca 1-0, tukawafunga Internacional ya Brazil 2-0, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Siku ya Internacional, mkahawa mmoja wa Xiaobei ulijaa Wamali, Wanigeria, Waangola, na sisi Wakongomani tusiozidi meza mbili. Kipa wetu Kidiaba alipoanza kurukaruka kwa makalio, Mmali mmoja, mzee wa biashara ya viatu, alishuka chini akafanya vilevile kwenye sakafu. Fainali tulifungwa na Inter ya Italia 3-0, Eto'o akiwa mmoja wa wafungaji, na Wakameruni wa mtaa ule hawakujua wacheke au watupe pole. Nakuambia hivi kwa sababu mtaa unaoishi unajua kushangilia timu yetu. Tafuta mkahawa wenye mpishi wa kwetu, anayepika bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Penye bukari hapakosi mtu anayejua Mazembe inacheza lini.

Televisheni ya China, ile chaneli ya michezo CCTV-5, itakupa Kombe la Dunia. Mechi za Linafoot, ligi yetu ya Kongo, usizitegemee huko. Na kwa kuwa WhatsApp haifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa China, mwambie mdogo wako wa Kamalondo aweke WeChat kwenye simu ya Papa. Kisha fanyeni hivi: Papa asikilize redio au akae uwanjani, wewe umpigie kwa sauti tu, siyo picha, ili bando lisikatike kabla ya mapumziko. Mimi na dada yangu tulifanya hivyo msimu mzima. Yeye alikuwa ananitangazia kutoka jukwaani, akisahau majina ya wachezaji na kuwaita kwa mitaa yao. Ukipata na wewe picha ya intaneti, ujue inachelewa. Makelele ya bao utayasikia kwenye simu kabla hujaliona. Kubalianeni mapema nani anyamaze.

Na siku ya derby, K., piga simu mapema, kabla timu hazijaingia. Mtu wa Lupopo anapenda kusema kabla ya mechi kuliko baada.

Jambo moja la pembeni. Majirani zako Wachina nao wana kidonda. Guangzhou FC, mabingwa wa China mara nane na wa Asia mara mbili, ilivunjwa Januari 2025 kwa sababu ya madeni. Muulize mwenye duka la jirani alikuwa anakaa upande gani wa uwanja wa Tianhe. Utapata rafiki wa mpira siku hiyohiyo.

Yaya, mimi ni mama wa Katuba. Mwanangu wa pili anasoma Japani, Osaka. Alikuwa mtoto wa mpira wa miguu, sasa ananiambia anacheza raga na kila Jumamosi anaongea raga tu. Alituma picha sikio limevimba kama andazi. Je, huo mchezo si wa kuumizana? Na nitaongea naye nini, mimi nisiyejua hata unachezwaje?
*Mama wa watano, Katuba*

Mama, heshima kwako. Nianze na sikio. Linavimba kwa kusuguana na kugongwa, hasa wale wanaosukumana vichwa chini katika skramu. Damu hujikusanya ndani, na isipotolewa mapema na daktari sikio hubaki gumu na limekunjamana moja kwa moja. Mwambie aende hospitali sasa, asingoje, na anunue ile kofia laini ya kufunika masikio. Muulize pia kama anavaa kinga ya meno. Raga huumiza, sitakudanganya. Lakini sheria zake ni kali: kumkaba mtu juu ya mabega ni kosa linaloweza kumtoa mchezaji uwanjani, na kwenye mechi kubwa anayegongwa kichwa hutolewa akapimwe na daktari. Uliza timu yake inafanya nini mtu akigongwa kichwa. Akijibu bila kusitasita, tulia.

Unachezwaje? Watu 15 kila upande, dakika 80. Mpira hurushwa kwa mkono kwenda nyuma au pembeni, kamwe si mbele. Mbele unabebwa kwa kukimbia au unapigwa kwa mguu. Kuugusisha chini nyuma ya mstari wa wapinzani ni trai, pointi 5, kisha wanapiga mpira kati ya nguzo wapate 2 za nyongeza. Penalti ni 3. Hayo yanakutosha kuongea naye mwezi mzima.

Na tena, mama, mwanao hakupotea njia, amefika mahali penyewe. Kule Higashiosaka, jirani na mji wa Osaka, kuna uwanja wa Hanazono, uliofunguliwa 1929 kwa ajili ya raga. Kila mwisho wa mwaka shule za sekondari za Japani nzima hucheza ubingwa wao hapo hadi Januari. Mwombe akupigie akiwa jukwaani. Japani ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la raga 2019, ikawafunga Ireland 19-12 na Scotland 28-21, ikafika robo fainali kwa mara ya kwanza. Walioitoa ni Afrika Kusini, ambao baadaye walichukua kombe kwa kuifunga Uingereza 32-12 mjini Yokohama, nahodha akiwa Siya Kolisi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza timu ile kama nahodha wa kudumu. Fainali hiyo ilianza saa kumi na mbili jioni ya Japani, saa tano asubuhi hapa. Niliiangalia baada ya kufua nguo.

Usidhani pia raga ni ya mbali. Pita Kasumbalesa, uende hadi Luanshya kule Zambia, kuna uwanja wa raga wa wachimba shaba ambao nguzo zake zilijulikana duniani kwa urefu, zaidi ya mita 33. Madereva wetu wa malori wengi wamezipita bila kujua ni za nini.

Kombe lijalo ni Australia, Oktoba na Novemba 2027, na Zimbabwe imefuzu. Saa za Australia zitamfaa mwanao: mechi nyingi zitakuwa mchana na jioni kwake. Kwako itakuwa asubuhi hadi mchana, kwa hiyo mtaweza kuangalia pamoja bila yeyote kukosa usingizi.

Yaya, naenda Guangzhou kwa maonyesho ya biashara ya Aprili. Nimesikia Hong Kong kuna mashindano ya raga ya wachezaji saba, na treni ni karibu. Naweza kuruka siku moja nikaone?
*Mfanyabiashara, Kampemba*

Ndugu, mashindano hayo yapo tangu 1976, na tangu 2025 yanachezwa uwanja mpya wa Kai Tak. Ni mazuri sana: kila nusu dakika 7 tu, mechi inafuata mechi, na Shujaa wa Kenya, ambao waliwahi kutwaa taji la Singapore 2016 kwa kuifunga Fiji 30-7, wamecheza huko mara nyingi. Treni ya mwendo kasi ni kama saa moja.

Lakini angalia pasipoti yako kabla ya kununua tiketi. Pasipoti yetu inahitaji viza ya Hong Kong ya peke yake, haimo ndani ya viza ya China. Na ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umehesabiwa kuwa umetoka China. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, mlango umefungwa nyuma yako, na bidhaa zako ziko upande wa pili. Omba ya kuingia mara mbili ukiwa bado hapa Kongo, na tarehe za mashindano zitazame kabla ya kuomba, maana mwaka mwingine huangukia Machi, wakati maonyesho hayajaanza.