Suali kwa Bi Wakili: huyu wakili tulopewa na mahakama ni wetu au wa serikali?

SUALI: Assalaam aleikum Bi Wakili. Mie naandika kutoka Micheweni. Mtoto wa dada yangu kahukumiwa na Mahakama Kuu kwa kesi ya mauaji, yupo Chuo cha Mafunzo, yaani jela, rufaa kaandika mwenyewe humo humo ndani. Sasa tunaambiwa mahakama imempangia wakili wa bure kwa ajili ya Mahakama ya Rufani. Huyo wakili tunampigia simu hatwambii kitu cha maana, anasema tu "nalifanyia kazi". Juzi kijana katwambia wakili alikwenda kumuona na kamwambia hoja zake nyengine ataziondoa. Jamani huyu si ndo wa serikali huyu? Maana analipwa na serikali na waliomshitaki ni serikali. Na tukimtilia kitu kidogo mkononi si atakaza? – Mama Mdogo, Micheweni

JAWABU: Waaleikum salaam mama mdogo, poleni sana nyumba nzima. Wasiwasi wako nausikia kila siku, tena kwa watu waliosoma pia.

Wakili wa serikali ni yule atakaesimama upande wa pili, anatoka ofisi ya DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Huyu wenu ni wakili wa kujitegemea kama hao mnaowaona na ofisi zao mjini, mahakama imemuita kwa vile kijana hana cha kulipa na kesi yenyewe ni ya shingo. Malipo yake yanatoka mahakamani ni kweli, lakini mteja ni kijana. Mteja si mahakama, na usinikasirikie mama mdogo, wala si wewe.

Na hapo ndo penye jawabu la simu. Anayoambiwa na kijana ni siri ya kijana, hawezi kukumwagia kwenye simu hata kama wewe ndo uliemlea, mpaka mwenyewe kijana amruhusu. Mwambieni kijana amtaje mtu mmoja wa familia wa kuzungumza na wakili, mmoja tu, sio leo apige mjomba kesho shemeji keshokutwa jirani aliesikia msikitini.

Sasa kazi yake hasa. Rufaa si kesi mpya, mashahidi hawaitwi tena kwa kawaida, majaji watatu wanakaa na mwenendo wa kesi uliopigwa chapa na wanauliza kule mahakama ya chini palikosewa wapi. Kwa hiyo wajibu wake wa kwanza ni kuusoma huo mwenendo wote, sio hukumu peke yake, maana hukumu ni hadithi ya jaji na mwenendo ndo maneno ya mashahidi wenyewe. Chukulia shahidi kasema "nilimuona usiku, nilimtambua". Wakili anaejua kazi hasemi tu shahidi muongo, anatafuta: taa ilikuwa ya aina gani, iliwekwa wapi, mwanga wake mkali au wa kibatari, baina yao palikuwa na hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla, na kwa nini jina hakulitaja palepale kwa sheha au polisi akangoja siku zipite. Mahakama ya Rufani inayataka mambo haya tokea kesi moja maarufu ya 1980, na watu wametoka jela kwa sababu ya taa ambayo hakuna alieieleza. Au yale maelezo ya kukiri polisi yamepokelewa kuwa kielelezo halafu hayakusomwa kwa sauti mahakamani, hilo nalo huweza kuyafanya yafutwe kabisa kwenye ushahidi. Mambo haya kijana mwenyewe hawezi kuyajua, na ndo maana akapewa mtu.

Tukija kwenye hoja kuondolewa. Mie nimeshasoma rufaa nyingi zilizoandikwa chuoni, hoja kumi na mbili, nane zote zinasema kitu kimoja, "ushahidi haukutosha". Wakili anaruhusiwa kuleta hoja za nyongeza au kuziandika upya zile za mwanzo, na kuchagua mbili tatu zenye nguvu ni ufundi, sio usaliti. Lakini lazima akae na kijana amueleze kwa nini, na rufaa yenyewe hawezi kuiondoa bila ya kijana kutaka. Wenzetu Marekani walishabishana sana juu ya hili. Kwenye kesi ya Anders ya 1967 wakili wa kupangiwa aliandika barua tu kwamba rufaa haina maana akajitoa, Mahakama ya Juu ikasema hapana, ukitaka kujitoa lete maandishi yanayoonesha kila kitu kwenye kumbukumbu kinachoweza japo kidogo kumsaidia mteja. Halafu 1983 mahakama hiyo hiyo ikasema wakili halazimiki kubeba kila hoja anayoitaka mteja. Hizo ni sheria za kwao, hazitubani sisi, lakini mimi naona mizani imekaa sawa.

Kitu asichoweza kukufanyieni ni kuidanganya mahakama. Msimpelekee shahidi mpya wa "alikuwa na mimi harusini" ambae kule chini hakutajwa hata siku moja.

Na hicho kitu kidogo, usithubutu. Hairuhusiwi kupokea, na anaepokea huyo ndo wa kumuogopa.

Sababu ya kulalamika mtakuwa nayo kama siku ya kusikilizwa imekaribia na hajenda kuzungumza na kijana hata mara moja. Hapo kijana aandike barua kwa Msajili wa mahakama kupitia kwa mkuu wa chuo, na siku yenyewe anaweza kunyanyuka akawaambia majaji mwenyewe. Lakini wenu kishakwenda.

SUALI: Kaka yangu kafungwa na Mahakama ya Mkoa, Mahakama Kuu nayo imemgomea juzi. Na yeye atapewa wakili wa bure? – Jang'ombe

JAWABU: Anaweza, lakini usikae ukangoja. Mahakama ya Rufani humpangia mtu wakili pale inapoona haki inahitaji hivyo, na rufaa ya pili inaangalia zaidi sheria, sio nani kasema kweli. Nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wapo tokea 1992, au muulize msaidizi wa sheria wa hapo kwenu, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 kwa watu kama nyinyi. Ila kabla ya yote notisi ya rufaa, yaani karatasi ya kusema anakata rufaa, siku 30 zinahesabiwa toka siku ya hukumu, sio siku mliyopata nakala. Akiwa ndani anaikabidhi kwa mkuu wa chuo, inatosha. Wakili atafatia.