Kuchora Jiwe la Bismarck kwa nukta kumi na mbili

Anayetaka kujifunza kuchora kidijitali bila mbwembwe, mwalimu yupo pale ufukweni Mwanza: Jiwe la Bismarck, mawe yaliyobebana majini. Mtu wa hapa hulitambua hata likiwa kivuli cheusi, kwa sababu linalolitambulisha ni ule mkao wa jiwe la juu, kama linataka kudondoka ziwani. Linda mkao huo, mengine yote yanafutika.

Anza na penseli. Chora michoro kumi yenye ukubwa wa kiberiti, kila mmoja kwa nusu dakika. Humo nyufa na kinyesi cha ndege havina nafasi. Nenda saa moja asubuhi au kumi na moja jioni. Saa sita mchana jua la utosini huyaunganisha mawe, hujui moja linaishia wapi.

Sasa fungua Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure. Weka picha uliyolipiga jiwe kwenye leya (tabaka) yake, ififishe, ifunge isisogee, kisha bonyeza B, kalamu ya mistari, ufuatishe kwa mkono. Jiwe moja linatosha nukta sita, yaani vituo vinavyoshika mstari, hivyo la juu na la chini ni kumi na mbili, na nukta zikae pale mstari unapogeuka: juu kabisa, chini kabisa, pembeni kabisa. Wengi huharibu hapa. Wanaiachia programu ifuatishe picha yenyewe, inawarudishia mamia ya nukta na kingo kama zimetafunwa na panya. Ctrl+L itazipunguza, ila haijui kona ipi ndiyo roho ya jiwe.

Kosa lingine ni mawe kugeuka mayai. Itale, mwamba wa mawe haya, hupasuka kwa kufuata nyufa zilizonyooka, ndipo mvua na jua vinalainisha kona. Kwa hiyo achia kila jiwe upande mmoja ulio karibu kunyooka, na papo hapo litapata uzito.

Rangi tatu zinatosha, kwa namba zake za kompyuta: #2B2A28 (karibu nyeusi) ya jiwe, #D9A05B (dhahabu) ya mbingu, #F4EDE0 (krimu) ya usuli. Ziwa usilipake buluu kwa mazoea. Jioni linavaa rangi ya mbingu, na mstari mmoja mnyoofu chini ya mawe unatosha kusema maji. Ukichapa kwenye fulana, kila rangi hudai fremu yake ya kupitishia wino, hivyo tatu ni nafuu kuliko saba. Jaribu fulana moja kabla ya hamsini, maana chungwa na buluu kali za kwenye skrini hufifia kwenye wino, na mstari mwembamba kuliko pointi 1 hukatika.

Kwa hamasa, tazama kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972: mnyama, rangi bapa, usuli mtulivu. Mtazame pia Charley Harper wa Marekani, aliyejenga ndege kwa pembetatu na duara. Usinakili mistari yao. Jifunze walichoamua kuacha. Jipime kwa mnandi anayekausha mbawa juu ya mwamba. Manyoya yote yaondoke, lakini ukifuta ile ncha ya mdomo iliyopinda, umechora bata.

Mwisho, punguza mchoro hadi pikseli 32. Mawe yakishikana kuwa donge moja, usiongeze mistari. Panua ule mwanya wa mwanga kati ya jiwe la juu na la chini, kidogo kidogo, mpaka uonekane.