London kwa siku moja
Umeuliza kama siku moja inatosha kuiona London bila kutumia fedha nyingi. Inatosha, mradi usitake kuona kila kitu. Anzia British Museum, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1759 na ambayo mpaka leo haitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Nenda moja kwa moja kwenye Jiwe la Rosetta, bamba la kale kutoka Misri lenye maandishi ya aina tatu, kabla umati haujalizingira kabati lake la kioo. Kutoka hapo hadi Trafalgar Square, ilipo National Gallery (jumba la michoro, nalo ni bure), utatembea kwa miguu chini ya nusu saa. Ukipanda treni za chini ya ardhi, simama upande wa kulia wa ngazi za umeme, kwani kushoto hupita wenye haraka, nao hawana simile.